Ugali, Mafuta na Pumzi ya Mkimbiaji

Ndugu makocha na wanariadha, kila ninapoalikwa kuzungumzia lishe ya mbio ndefu huulizwa swali lile lile, na leo nimeulizwa hata kabla sijafika jukwaani: kwa nini mkimbiaji asipunguze ugali akala mafuta zaidi, ilhali akiba ya mafuta mwilini haiishi?

Hesabu yenyewe siikatai. Gramu moja ya mafuta hutoa nishati ya kilokalori 9, ya wanga, ambao ndio uliojaa kwenye ugali, 4. Mkimbiaji wa kilo 55 mwenye kilo 5 tu za mafuta amebeba zaidi ya kilokalori 35,000, na marathoni nzima humgharimu takriban 2,300, ilhali wanga uliohifadhiwa katika misuli na ini lake ni gramu mia chache tu. Lakini tajiri wa mashamba aweza kukosa nauli ya matatu, na nauli ya mkimbiaji ni oksijeni anayovuta. Lita moja ya oksijeni ikiunguza wanga hutoa takriban kilokalori 5; ikiunguza mafuta, 4.7. Mtaniambia tofauti hiyo ni ndogo, nami nimeambiwa hivyo mara nyingi mno. Kwa mtu anayekwenda sokoni ni ndogo kweli. Kwa anayekimbia karibu na kikomo cha pumzi zake, tena huko Iten, Kenya, mita 2,400 juu ya bahari ambako hewa ni nyepesi, asilimia 6 hiyo si ya kuchezea.

Jambo hili limepimwa. Huko Canberra, Australia, wanariadha wa kutembea kwa kasi wa kiwango cha dunia waligawiwa milo tofauti kwa muda wa wiki tatu hivi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Waliokula mafuta mengi na wanga kidogo sana walijifunza kweli kuunguza mafuta, ila walihitaji oksijeni zaidi kwa mwendo ule ule. Wenzao waliokula wanga waliboresha muda wao wa kilomita 10, wale wa mafuta hawakuuboresha.

Sasa atasimama mtu aseme kwamba wakimbiaji wetu hula ugali kwa sababu ndio uliopo. Sawa, na sijasema mahindi yana uchawi. Wali na viazi hufanya kazi hiyo hiyo. Hata hivyo, wakimbiaji wa Kenya waliopimwa katika utafiti wa mwaka 2004 walipata zaidi ya robo tatu ya nishati yao kutoka kwenye wanga, yaani takriban gramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na sukari ya chai ilichangia sehemu kubwa.

Mafuta nayo yasiogopwe: maziwa, parachichi na njugu vibaki mezani, kwa kuwa vitamini A, D, E na K huyahitaji ili zifyonzwe. Siku ya mazoezi mepesi, wanga wa gramu 3 hadi 5 kwa kilo unatosha. Na binti aliyekosa hedhi kwa sababu ya kula kidogo anahitaji daktari na chakula zaidi, si pongezi za wepesi. Hilo lilistahili mhadhara wake.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Suala la chumvi na maji nitalijibu huko nje kwenye chai, ambayo naomba isikose sukari.