Pepeo za Bahari na Viumbe Vinavyozitegemea

Mabibi na mabwana,

Anayeziona pepeo za bahari kwa mara ya kwanza huzidhania mimea, kwa kuwa zimeshika mwamba kwa kitako, zina shina, na matawi yake yamesukwa kama wavu. Kumbe upepeo mmoja ni mkusanyiko wa wanyama wadogo wengi mno, waitwao polipi, kila mmoja akiwa na minyiri 8 iliyochanika pembeni. Ndani ya tawi hamna jiwe, bali uti wa protini iitwayo gorgonini, ambao ni mgumu na bado hupinda bila kuvunjika; na katika nyama inayoufunika mmetapakaa vipande vidogo sana vya chokaa, ambavyo mara nyingi ndivyo vinavyoupa rangi yake ya zambarau, nyekundu au manjano.

Jambo ninaloomba tulitazame kwa makini zaidi ni mkao wake. Upepeo uliokomaa huukingama mkondo, ukiwa bapa, ili maji yanayopita kati ya matawi yafikishe planktoni, yaani viumbe wadogo sana wanaoelea majini, kwa polipi walio wengi iwezekanavyo. Pepeo changa huweza kuelekea upande wowote, lakini kadiri zinavyokua ndivyo zinavyozidi kujipanga kulingana na mwendo wa maji, hata mpiga mbizi mzoefu huweza kuutambua mwelekeo wa mkondo wa mahali kwa kuzitazama tu.

Katika Bahari ya Karibi, tangu miaka ya 1990, kuvu aitwaye Aspergillus sydowii ameziua pepeo nyingi. Palipoambukizwa nyama hufa, na kulizunguka donda hujitokeza utepe wa zambarau iliyokoza: ni upepeo wenyewe unaojikinga, na kwangu mimi hiyo ni dalili ya kustaajabisha kwa mnyama asiye na ubongo.

Wapangaji wa upepeo ni wengi. Wako viumbe wa jamii ya kiti cha pweza ambao hupanda juu yake usiku na kutandaza mikono wakinasa chakula, na wako konokono wanaoitafuna nyama yake. Hata hivyo hakuna aliyefungamana na upepeo kuliko farasi-bahari mdogo, Hippocampus bargibanti, mwenye urefu wa takriban sentimita 2. Vinundu vya mwili wake hufanana mno na polipi waliojifunga, kiasi kwamba aligunduliwa mwaka 1969 huko New Caledonia, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, baada tu ya Georges Bargibant kuuchukua upepeo kwa ajili ya makumbusho na kuuchunguza nje ya maji. Akishatua juu ya upepeo, huishi hapo maisha yake ya utu uzima, na si kila upepeo unaomfaa, bali wa jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Muricella. Kwa hiyo nanga au wavu unaoung'oa upepeo mmoja humwondolea farasi huyo makao, maficho na mahali pa kulia chakula kwa wakati mmoja.