Sukari Nne za Jinsengi Nyekundu

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Kabla sijasema lolote, vipande hivi vipite mkono kwa mkono, na kila mmoja ajaribu kuvunja chake. Kigumu, sivyo? Kiinueni kwenye taa: ni kahawia iliyoiva, na kingo zake zinapitisha mwanga kidogo. Ukikiweka mdomoni, uchungu unatangulia, kisha utamu mwembamba unabaki nyuma ya ulimi. Hii ndiyo hongsam, jinsengi nyekundu ya Korea, mzizi unaotumiwa kama dawa.

Naulizwa kila mara kama mmea huu ni tofauti na jinsengi nyeupe. Si tofauti, ni Panax ginseng uleule. Ukiwa mbichi Wakorea huuita susam, na kwa kuwa umejaa maji huoza upesi. Ukikaushwa tu, unakuwa baeksam, yaani nyeupe. Ukipikwa kwa mvuke wa nyuzi 90 hadi 100 kwa saa kadhaa, ndipo ukaushwe, unakuwa hii mliyoshika. Mzizi wa kutengenezea nyekundu kwa kawaida hukaa ardhini miaka 6, chini ya vivuli vilivyojengwa shambani, kwa sababu jani lake halistahimili jua kali. Biashara yake ilithaminiwa mno hata ukiritimba wa serikali ya Korea Kusini ukadumu hadi mwaka 1996.

Mvuke ulisaidia mzizi usiharibike njiani. Lakini ulifanya na jambo jingine, na hapo ndipo ninapotaka tukae.

Nguvu ya jinsengi inahusishwa zaidi na jamii ya saponini, yaani viambata vya mimea vilivyobeba sukari, ziitwazo jinsenosaidi. Majina yake yanatisha wanafunzi: Rb1, Rg1, Re, Rg3. Yasiwatishe. Mwanakemia wa Japani, Shoji Shibata, na wenzake walizitenganisha kwenye bamba lenye utando mwembamba. Kila kiambata kilibebwa na kimiminika, kikapanda umbali wake na kuacha doa, na herufi zikafuata mpangilio wa madoa kutoka chini kwenda juu. Rb ilibaki chini, Rg ikapanda zaidi. Basi jina lenyewe linakuambia jambo: kadiri kiambata kinavyobeba sukari nyingi, ndivyo kinavyobaki chini.

Tuichukue Rb1 peke yake. Ina kiini kinachofanana kidogo na kolesteroli, na juu yake zimening'inia glukosi nne: mbili upande mmoja, mbili upande wa pili. Ni mzigo mkubwa. Molekuli kama hiyo hupenya ukuta wa utumbo kwa shida sana, na sehemu kubwa ya unachomeza haifiki kwenye damu ikiwa hivyo ilivyo.

Mvuke unafanya nini? Unang'oa glukosi mbili za upande mmoja, na Rb1 inakuwa Rg3. Joto likiendelea, Rg3 nayo inapoteza maji na kuzaa Rk1 na Rg5. Katika mzizi mbichi hizi hazipo, au zipo kidogo mno. Wakati huohuo sukari na amino asidi za mzizi zinaungana kwa joto, kama ganda la mkate linavyobadilika rangi kwenye tanuri, na wekundu mnaouona unatokea hapo.

Kazi haiishii kwenye chombo cha mvuke. Rb1 iliyobaki inafika kwenye utumbo mpana, na huko bakteria wanaivua sukari moja baada ya nyingine hadi ibaki moja tu. Hiyo inaitwa kiambata K, na ndiyo inayoingia kwenye damu vizuri zaidi. Ila bakteria wa kazi hiyo hawalingani kwa watu wote. Watu wawili wakimeza kijiko kimoja kimoja cha dondoo ileile, damu ya mmoja inaweza kupata kiambata K kingi na ya mwenzake kidogo sana. Kwangu mimi, hili ndilo jambo muhimu kuliko yote kuhusu jinsengi, na ndilo linaloachwa nje ya matangazo. Jirani yako akisema imemtoa uchovu, nawe hukuona kitu, huenda nyote wawili mnasema kweli.

Je, inasaidia nini? Maabara imeonyesha kwamba jinsenosaidi kadhaa huamsha utengenezaji wa oksidi ya nitriki, inayolegeza mishipa ya damu, na kwamba Rg3 huzuia chembe sahani, zile zinazogandisha damu, kushikamana. Polisakaridi za mzizi, yaani minyororo mirefu ya sukari, nazo huchochea seli za kinga. Kwa mwili wa binadamu mzima, ushahidi ni mwembamba zaidi. Mapitio ya 2021 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, yalitazama majaribio 9 ya jinsengi kwa wanaume wenye upungufu wa nguvu za kiume, yakakuta kwamba kwa vipimo rasmi faida ni ndogo mno. Nawaomba mlibebe hilo mtakapokutana na anayeiuza kama muujiza.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Korea Kusini inaruhusu bidhaa za jinsengi nyekundu kutajwa kuwa zinasaidia kinga na uchovu, kwa kipimo cha miligramu 3 hadi 80 kwa siku za Rg1, Rb1 na Rg3 zikijumlishwa. Tazameni upana huo! Ndiyo maana neno jinsengi peke yake kwenye lebo halitoshi. Tafuteni hesabu ya hizo tatu.

Mwisho, niseme na wanaotumia dawa. Mwaka 1997 iliripotiwa habari ya mwanamume wa miaka 47 mwenye valvu bandia ya moyo, aliyekuwa anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kipimo chake cha kuganda kwa damu, INR, kilikuwa 3.1. Wiki mbili baada ya kuanza vidonge vya jinsengi kilishuka hadi 1.5, maana yake dawa ilikuwa haimkingi tena dhidi ya donge la damu. Alipoacha vidonge kilirudi. Ni mgonjwa mmoja, na tafiti zilizofuata hazikukubaliana, lakini valvu bandia haina nafasi ya kubahatisha. Wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge nao wapime sukari kwa karibu, maana inaweza kushuka. Anayekosa usingizi aepuke kuinywa jioni.

Naona mikono imeshainuka huko nyuma. Tuanze na wewe, dada, bado umeshika kipande chako.