Siku Tatu za Tiki Dodoma: Shira ya Mdalasini, Barafu na Vibuyu

DADA: Karibu tena, msikilizaji, katika kipindi chetu kinachorekodiwa Area D, jijini Dodoma, ambako leo upepo umeamua kushindana na maikrofoni. Tangu tulipodokeza kwamba wiki mbili zijazo kutakuwa na siku tatu za tiki katika sehemu tatu za jiji hili, swali linalotufikia ni lile lile: tiki ndiyo nini, na imefuata nini huku kwetu kwenye vumbi, wakati bahari iko karibu kilomita 450 kwa barabara kutoka hapa?

KAKA: Swali ni la haki kabisa, dada, na mimi kama mmoja wa waandaaji sina budi kulijibu. Katika masimulizi ya Wamaori wa New Zealand, Tiki ni mtu wa kwanza kuumbwa, na katika visiwa vingi vya Polinesia, huko Bahari ya Pasifiki, jina hilo, au jina linalokaribiana nalo, hutumika kwa sanamu za miungu na za mababu. Utamaduni wa tiki tunaouzungumzia leo, yaani vinywaji vya kuchanganywa na mapambo ya visiwani, hata hivyo, ulizaliwa Marekani, tena baa. Marufuku ya pombe ilipoondolewa Desemba 1933, bwana mmoja aitwaye Ernest Gantt, aliyekuja kujiita Donn Beach, alifungua kibaa kidogo Hollywood, akakipamba kwa mianzi na nyavu na mabaki ya mashua, akaanza kuuza ramu kwa sababu wakati ule ilikuwa rahisi kuliko vileo vingine.

DADA: Kwa hiyo mtu wa Hollywood ndiye aliyewapa watu Pasifiki.

KAKA: Aliwapa Pasifiki ya kuwaziwa. Ukichunguza glasi yenyewe utakuta ramu, ndimu na sukari, yaani kinywaji cha visiwa vya Karibi kilichovishwa nguo za Polinesia. Akafuata Victor Bergeron, aliyeanza na mgahawa mdogo Oakland mwaka 1934, na ambaye mwaka 1944 alitengeneza Mai Tai kwa ramu, ndimu, likyua (kileo kitamu) ya machungwa na shira ya lozi. Mwenyewe alisimulia kwamba aliwaonjesha rafiki zake waliotoka Tahiti, na mmoja wao akasema kwa Kitahiti maneno yenye maana ya kuwa hakuna kizuri kama hicho, na jina likatoka hapo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia askari walirudi kutoka Pasifiki na hadithi zao, Hawaii ikawa jimbo la Marekani mwaka 1959, na baa za namna hiyo zikaenea miji mingi.

DADA: Mimi situmii kilevi, na wasikilizaji wetu wengi hawatumii. Nieleze kwa nini nikate tiketi.

KAKA: Hapo ndipo ninapopapenda zaidi, kwa sababu ufundi wa tiki haukai kwenye pombe peke yake. Donn Beach aliogopa sana kuibiwa mapishi yake, kiasi kwamba wahudumu wake walichanganya kutoka chupa zenye namba na majina ya siri bila kujua kilichomo. Mtafiti Jeff Berry alihangaika miaka mingi kuzifumbua siri hizo, na alipofika kwenye kiungo kilichoandikwa tu kuwa viungo namba 4, akagundua kwamba kilikuwa shira ya mdalasini.

DADA: Mdalasini! Siri iliyofungwa miaka yote hiyo, na mama yangu huitia kwenye chai kila asubuhi bila kumficha mtu.

KAKA: Ndiyo, na mchanganyiko mashuhuri wa Donn Beach ulikuwa juisi ya balungi na shira hiyo hiyo, basi. Barbados nako wana shira iitwayo falernum, yenye karafuu, tangawizi na ndimu. Mtu yeyote aliyewahi kupita kwenye duka la viungo Soko la Majengo anaweza kuanza kuchanganya kesho. Ndiyo maana Ijumaa jioni, katika bustani tutakayoanzia Area C, kila kinywaji kitakuwa na pacha wake asiye na kilevi: ubuyu kwa shira ya karafuu, ukwaju kwa tangawizi na balungi, na juisi ya zabibu nyekundu kwa shira ya lozi, vyote juu ya barafu iliyosagwa. Bei ya mapacha ni moja, ili asiyekunywa asihesabiwe kuwa mgeni wa daraja la pili.

DADA: Sasa niruhusu nikuulize jambo ambalo si tamu. Nimeona picha za sherehe za tiki za ng'ambo, zikiwamo zile za Tiki Oasis ya California iliyoanza mwaka 2001, na humo kuna vikombe vyenye sura za sanamu zilezile ambazo umesema ni za mababu wa watu. Wapo Wapolinesia wanaolalamika kwamba matambiko yao yamegeuzwa kuwa vyombo vya kunywea. Bibi yangu alikuwa mpigaji wa muheme, ngoma ambayo kwetu Wagogo ni ya wanawake, na niliwahi kuingia hoteli moja, nisiyoitaja, nikakuta muheme umekalishwa mapokezi na chungu cha maua juu yake. Hakuna aliyekosa adabu kwa makusudi, lakini nilishindwa kumaliza chai yangu.

KAKA: Kwa kweli hilo ndilo lililotuchelewesha miezi miwili. Wenzetu wengine walikwisha kuagiza vinyago vya mbao vyenye meno, tukabishana hadi usiku, na mwishowe vikarudishwa. Tumekubaliana kuchukua jiko na kuacha madhabahu. Makuti yatakuwepo, maana makuti ni ya pwani yetu wenyewe; mianzi itakuwepo; sanamu ya mungu wa mtu haitakuwepo, wala hakuna atakayeombwa kuvaa sketi ya majani.

DADA: Na ngoma je? Nisije nikakuta muheme umegeuzwa kuwa meza.

KAKA: Jumamosi tunahamia ukumbi wa wazi Kilimani, na huko kikundi cha akina mama wa muheme ndicho chenye jukwaa la jioni kwa saa nzima, bila mtu kuhudumia vinywaji wakati wakipiga. Wao wenyewe waliweka sharti hilo, nasi tukalipokea. Kabla yao kutakuwa na zeze na marimba, na mchana kuna darasa la kutengeneza shira, la watu thelathini tu, kwa hiyo wahini.

DADA: Jumapili nasikia ni Hombolo, kwenye shamba la mizabibu.

KAKA: Ni Hombolo, na mabasi mawili yatatoka karibu na Nyerere Square saa tatu asubuhi, kwa sababu hatutaki mtu aliyekunywa Jumamosi aendeshe gari Jumapili. Wageni wa Dar es Salaam wanaweza kuja na treni ya SGR Ijumaa wakatufikia kabla ya giza. Wavae viatu vya kufunika, na wabebe sweta, maana wengi hudhani Dodoma ni joto tu, kisha usiku wanatetemeka.

DADA: Bado hujanijibu la vikombe. Ikiwa sura za sanamu hazimo, tunanywea nini?

KAKA: Vibuyu. Kila tiketi ya siku tatu ina kibuyu chake kilichokatwa na kusafishwa, na mtu anakwenda nacho nyumbani.

DADA: Kibuyu kipya kinatia uchungu, kaka. Bibi alikuwa akikijaza maji na kuyabadilisha siku kadhaa kabla ya kukitia chochote.

KAKA: Ndiyo maana vinagawiwa Jumatatu ya wiki ile, pale pale tiketi zinapouzwa. Aliyekata tiketi apitie akachukue chake mapema, akakiloweke.