Saratani ya Tezi Dume Imefika Wapi? Kila Mashine na Swali Lake

Wazee wangu, na akina mama mliowasindikiza, asanteni kwa kuja. Tazameni picha hii ukutani. Ni mifupa ya mzee wa miaka 71 aliyekutwa na saratani ya tezi dume. Hapa upande wa kushoto, mbavu tatu zinazofuatana zina madoa meusi, yamepangana kama vifungo vya shati. Alipoletwa kwangu, watoto wake walikuwa wameshalia. Nikamuuliza, “Baba, uliwahi kuumia ubavuni?” Akasema, “Nilianguka mnazini, miezi michache tu.” Saratani haipangi madoa kwa mstari namna hiyo. Zile zilikuwa mbavu zilizovunjika, zinajiunga.

Nimeanza na mzee huyu kwa sababu watu wengi wanadhani mashine inaona saratani. Skani ya mifupa haiioni. Unachomwa sindano ya dawa yenye teknetiamu-99m, kitu chenye mionzi kidogo inayoonekana na mashine, unakaa saa 2 hadi 4 unakunywa maji, halafu unapigwa picha. Dawa ile hukimbilia mahali mfupa unapojijenga. Saratani ya tezi dume ikiingia mfupani huuchochea ujijenge ovyo, ndiyo maana inaonekana. Lakini goti lililosagika nalo hujijenga, na ubavu uliovunjika vilevile.

Sitiskani (CT scan), ile ya eksirei inayopiga mwili vipande vipande, yenyewe inatazama umbo na ukubwa. Tezi ya limfu ya nyongani ikikaribia sentimita 1 kwa upana, tunaitilia shaka. Je, ile ndogo kama punje ya dengu, yenye saratani tayari? Inapita bila kuulizwa. MRI, mashine ya sumaku, haitumii mionzi, na kwa tezi dume yenyewe na majirani zake wa karibu ni hodari sana. Na mgonjwa wa saratani hii akianza kuishiwa nguvu miguuni, MRI ya uti wa mgongo ni ya siku hiyohiyo, si ya wiki ijayo.

Sasa njoo kwenye PET ya PSMA. PET ni mashine inayonasa mionzi ya dawa uliyochomwa na kuonyesha ilikojikusanya. PSMA ni protini iliyoko juu ya seli za tezi dume, na seli nyingi za saratani hii huwa nayo kwa wingi mno. Tunachoma dawa inayoing’ang’ania protini hiyo, imebeba galiamu-68 yenye mionzi, na popote seli zilipojificha panawaka. Galiamu hiyo hupungua nusu kila dakika 68, kwa hiyo haiwezi kuagizwa kutoka mbali ikasubiri stoo.

Australia walizishindanisha njia hizi katika hospitali 10. Utafiti unaitwa proPSMA, ulitoka mwaka 2020 katika jarida la Lancet. Wanaume 302 wenye saratani ya hatari kubwa, kabla ya upasuaji au matibabu ya mionzi, waligawanywa kwa kura: wengine sitiskani pamoja na skani ya mifupa, wengine PSMA. Usahihi wa njia ya zamani ulikuwa asilimia 65, wa PSMA 92. Namba inayoniuma ni nyingine: katika kila 100 ambao saratani ilikuwa imesambaa kweli, njia ya zamani iliwagundua 38. PSMA iligundua 85. Na mionzi aliyopokea mgonjwa ilikuwa pungufu ya nusu.

Hata hivyo, utafiti ule ulipima usahihi wa picha, haukupima nani aliishi zaidi. Ziko saratani chache zisizo na PSMA, hizo haziwaki. Na ubavu, tena ubavu, unaweza kuwaka bila kosa lolote.

Nairobi PET ipo, Aga Khan na hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kwa wengi wenu gharama na safari ni mlima, nalijua hilo. Asiyeifikia asikatae skani ya mifupa na sitiskani. Zikionyesha ugonjwa ulioenea, matibabu yanaanza. Zikiwa safi huku PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, iko juu sana, mwulizeni daktari: je, safi hii inatosha kuamua upasuaji?

Na kabla ya kulala kwenye mashine, mwambieni mpiga picha kila mahali mlipowahi kuvunjika, hata kama ni pikipiki ya miaka miwili iliyopita. Njooni na picha za zamani pia, hata zilizokunjamana.