Stesheni ya Zehlendorf, na Ile ya Kwetu Tanga

Haya wapenzi, hamjambo huko? Chumbageni mpo? Ngamiani, barabara zote, mpo? Mnivumilie na huu upepo, leo nimesimama nje, stesheni. Hapa ni Zehlendorf, kitongoji cha kusini-magharibi mwa Berlin. Ngoja nigeuze kamera. Ndiyo hii. Haina makeke, ukipita na usingizi wa asubuhi huioni, na mimi nimepita nayo hivyo miaka minne nikienda kazini.

Juzi ndipo nikaisoma habari yake. Tarehe 22 Septemba 1838 treni ya kwanza ilitoka Potsdam ikaishia hapahapa, maana kipande cha kuingia Berlin kilikuwa hakijaisha. Kikaisha Oktoba. Ilikuwa reli ya kwanza ya treni za moshi katika Prussia nzima, ule ufalme wa Kijerumani wa enzi hizo, na Zehlendorf wakati huo ni kijiji tu; Berlin ilikuja kukimeza 1920. Kisha 1891 treni za vitongoji zikapewa njia zao wenyewe, zisigombane na zile za safari ndefu.

Sasa mwana wa Tanga, ushike huo mwaka. 1891 hiyohiyo Wajerumani wakaunda kampuni ya reli ya Afrika Mashariki, na 1893 wakaanza kutandika mataruma kwetu, Tanga. Muheza, kilomita kama 40, wakafika 1896. Miaka mitatu! Na pesa zikawaishia. Ilibidi serikali yao iichukue reli 1899, ndipo ikasogea: Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Kilomita 352 kwa miaka 18. Bibi yangu alikuwa akisema, "Mjerumani hakuleta gari la moshi atutembeze." Kweli bibi. Huku walijenga watu wafike kazini na warudi kwao kulala. Kule walijenga mkonge na kahawa vifike bandarini.

Ila kilichonikalisha kitako ni hiki: stesheni hii ilikufa. Msicheke. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Berlin iligawanywa, Magharibi na Mashariki, lakini treni hizi za vitongoji, hata upande wa Magharibi, ziliendelea kuendeshwa na shirika la reli la Ujerumani Mashariki. Agosti 1961 Mashariki wakajenga ule ukuta. Watu wa huku Magharibi wakazisusa treni: nauli yangu iende kununua seng'enge ya kunifungia? Miaka ikapita mabehewa matupu. Septemba 1980 wafanyakazi wa reli wa upande huu wakagoma, na njia hii ikafungwa. Kimya. Majani yakaota relini.

Januari 1984 shirika la usafiri la Berlin Magharibi likakabidhiwa treni hizo, na tarehe 1 Februari 1985 zikarudi hapa. Hesabu: haikutimia hata miaka mitano.

Nikakumbuka kwetu. Desemba 2019 treni ya abiria ya Dar na Moshi ilipofufuka tulishangilia, si ndiyo? Ikafika Korogwe, ikakunja kwenda zake Moshi. Tanga mjini, ilikoanzia reli yenyewe, tukabaki kuisikia kwa watu wa Korogwe. Waja leo waondoka leo, sawa, lakini kwa basi! Mimi hili linaniuma, sifichi.

Sasa nina ombi. Aliye karibu na stesheni yetu, pale kati ya mjini na Ngamiani, anirekodie dakika moja tu. Asinipigie jengo, jengo nalijua. Ainamishe simu chini, nione majani yamefika wapi kwenye reli. Hata ikitikisika, tuma.

Haya, ile treni yangu, S1, inaingia, mnaiona? Nyekundu na njano. Nikiikosa hii huyu bosi wangu hanielewi. Mama, nikitoka kazini nakupigia, usilale.