Mguu wa stuli ya Aalto ulipindwa na nani?

Nimelisema hili mara nyingi na sichoki: ukimtaja Alvar Aalto, msanifu majengo wa Ufini, mtaje na Otto Korhonen. Aalto mnamjua, majengo yake mmeyaona, sitapoteza muda huko. Korhonen alikuwa na kiwanda cha samani mjini Turku, Ufini, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 wawili hao walihangaika pamoja kutafuta namna ya kuupinda ubao wa birch, mti wa nchi za baridi, usivunjike.

Hebu utazameni mguu wa Stuli 60 ya mwaka 1933. Ni ubao mmoja mzima. Ncha yake ya juu imechanwa kwa msumeno, michano myembamba inayofuata nyuzi za mti. Kila mchano unapachikwa ubao mwembamba uliopakwa gundi, kisha ncha hiyo inapashwa joto na kukunjwa hadi digrii 90. Gundi ikishika, haikunjuki tena. Mguu unafungwa kwa skrubu chini ya kikalio, basi. Miguu mitatu tu, na stuli zinapandana moja juu ya nyingine.

Sasa atatokea mtu aniambie: wazo ni la Aalto, fundi alitekeleza tu. Alitekeleza nini, ndugu yangu? Kalamu haikunji mbao! Anayejua ubao utapasukia wapi ni yule aliyekwisha kupasua mingi. Na Aino, mke wa Aalto na msanifu kama yeye, naye mnamwacha wapi?

Wengine husema viti vya mabomba ya chuma vya mbunifu Marcel Breuer vilitangulia. Ni kweli, na Aalto mwenyewe alivinunua. Lakini katika hospitali ya kifua kikuu ya Paimio, Ufini, aliyoisanifu Aalto na iliyofunguliwa 1933, chuma kilikuwa baridi mno kwa mgonjwa wa kukaa miezi. Ndiyo maana kiti cha pale ni plaiwudi iliyopindwa, mgongo umelazwa ili kifua kipate kupumua. Hata sinki ziliundwa kwa mshazari, maji yateremke kimya, mgonjwa wa kitanda cha pili asiamshwe.

Kampuni ya samani ya Artek, iliyoanzishwa 1935, nairuka, ingawa Aino ndiye aliyeongoza ubunifu wake. Wabunifu Charles na Ray Eames na plaiwudi yao kule Marekani wanataka siku yao. Muda umekwisha, leteni maswali.