Vijiko Viwili ni Matonge Mangapi? Mhadhara kuhusu kula baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Bwana Mwenyekiti, wauguzi na wataalamu wenzangu wa lishe, akina mama na akina baba mliofika hapa Kisumu kutoka Siaya, Vihiga na hata Kericho, nawashukuru kwa kunialika. Wale waliowahi kunisikia wanajua nitakalosema, na naona wengine wameanza kutabasamu. Ndiyo, nitazungumza kuhusu ugali. Niliombwa nieleze matatizo ya kula yanayowapata watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na hayo ndiyo nitakayoyaeleza, ila kwa watu wetu wa huku magharibi mambo hayo mawili hayaachani.

Upasuaji wenyewe sitaueleza kwa kirefu, kwa kuwa wengi wenu mmekutana nao kazini na baadhi yenu mmeupitia. Nawakumbusha vipimo tu. Anayekatwa sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo na kuachiwa kitu kama mrija hubaki na takriban robo ya mfuko wake wa awali, wenye kubeba mililita 100 hadi 150, yaani nusu ya chupa ndogo ya soda. Anayetengenezewa kifuko kidogo juu ya tumbo, kisha kifuko hicho kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo, huanza na mililita 30 hivi. Hizo ni vijiko viwili vya mezani. Sasa niambieni, vijiko viwili ni matonge mangapi?

Mnacheka, na kila mahali ninapouliza swali hili watu hucheka, lakini mimi naliuliza kwa dhati. Mtoto wa Nyanza hujua kumega, kufinyanga, kubonyeza kwa kidole gumba na kuchota mchuzi kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na tonge alilolizoea akiwa na miaka 15 ndilo atakalolimega akiwa na miaka 50. Daktari humbadilisha mtu tumbo kwa saa chache akiwa usingizini, ila mkono wa mtu huyo huamka ukiwa na kipimo kilekile cha jana. Mgonjwa huniambia, “Nilikula kidogo tu,” naye hasemi uongo, kwa maana kwa mkono wake kile kilikuwa kidogo.

Nitawasimulia kisa cha mama mmoja aliyeniruhusu kukisimulia bila kumtaja. Ilikuwa imepita miezi mitatu tangu aunganishwe utumbo, naye alikuwa amefuata maagizo yote kwa utiifu: wiki za majimaji, kisha vyakula vilivyopondwa, kisha vilaini, hadi akaruhusiwa kurudia chakula cha kawaida. Akasafiri kwenda nyumbani kumwamkua mama mkwe wake, ambaye hakuwa amemwambia lolote kuhusu upasuaji kwa sababu aliona haya. Kuku akachinjwa. Mnaojua boma la huku mnaelewa kwamba kuku wa mgeni ni heshima aliyowekewa mezani, na kumwacha kwenye sahani ni kama kuukataa mkono ulionyooshwa kukusalimu. Ugali ukapakuliwa, mlima mzima.

Tonge la kwanza likapita. Katika la pili akahisi uzito nyuma ya mfupa wa kifua, lakini mama mkwe alikuwa akimtazama, basi akameza la tatu. Kifua kikabana, mate mazito yenye povu yakamjaa kinywani, naye akafanya kile ambacho sote tungefanya: akachukua glasi ya maji ili ateremshe. Maji hayakuwa na pa kupita. Akatoka mbio, akatapikia nyuma ya jiko. Mama mkwe akamfuata, akamtazama, akaelewa kwa namna yake, akapiga vigelegele. Alidhani mkaza mwanawe ni mjamzito!

Jioni, kwa ajili ya mjukuu huyo asiyekuwepo, uliletwa uji wa wimbi wa kikombe kikubwa, wenye sukari vijiko vinne. Mama akaunywa kwa furaha, maana uji ni laini na haukwami. Haikupita nusu saa moyo ukaanza kumwenda mbio, jasho likamtoka, tumbo likamsokota, akaharisha, akalala chini akidhani anakufa. Hiyo ndiyo hali ambayo madaktari huiita dampingi: sukari nyingi hushuka kwa ghafla katika utumbo mdogo bila kuzuiliwa tumboni kama zamani, utumbo huvuta maji mengi kutoka mwilini, na mwili mzima hutaharuki. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku hiyo mwenyeji alipona hadi vigelegele, mgeni ndiye aliyeugua.

Kisa hiki nakisimulia kila ninapokwenda kwa sababu ndani yake mna karibu kila tatizo ninaloletewa. Chakula chenye kushikamana kama ugali, mkate mpya au wali uliobondeka huweza kukusanyika na kukwama penye njia nyembamba, hasa kikimezwa kabla hakijatafunwa. Maji hayasukumi kilichokwama, bali huongeza cha kutapika. Ndiyo maana tunawaambia watafune kila tonge mara ishirini, wasinywe pamoja na chakula, na wakimaliza kula wangoje nusu saa ndipo warudie kunywa kwa mafunda madogo siku nzima, wafikishe lita moja na nusu au zaidi. Na kile kinachopita kwa urahisi si lazima kiwe salama, kama uji ule ulivyotuonyesha.

Hapa huwa pana mzee mmoja anayeniuliza, “Mwanangu, kutafuna mara ishirini si kazi ya ng’ombe?” Mzee wangu, ng’ombe ana tumbo la vyumba vinne na bado hucheua. Huyu amebakiwa na vijiko viwili.

Wengine husema kwa ukali kidogo kwamba mtu huyu alijilaza kwenye meza ya upasuaji ili asile, basi na asile. Maneno haya yananichosha. Upasuaji haukufanywa ili mtu akae na njaa. Mwili wake unahitaji gramu 60 hadi 80 za protini kila siku, la sivyo utaanza kula misuli yake wenyewe. Yai moja lina gramu 6 hivi, na glasi ya maziwa ina kama 8. Piga hesabu hiyo ukikumbuka ukubwa wa kifuko, utaona kwamba hapana nafasi ya kuchezea. Ndiyo maana nasema, hata nikiitwa msaliti katika mji huu, kwamba samaki aliwe kwanza na ugali uje mwisho, ukikuta nafasi. Ngege aliyechemshwa na kutolewa miiba, omena iliyopikwa hadi ikalainika, maharagwe yaliyopondwa na maziwa lala yasiyotiwa sukari vyote vinapatikana sokoni kwetu, na hakuna haja ya kununua makopo ya bei ghali. Mrenda nao ni mzuri, ila nina ugomvi nao mdogo: sisi huutumia kutelezesha tonge ambalo halijatafunwa, na kwa mtu huyu mtelezo huo ni mtego.

Kuhusu haya ya yule mama, simlazimishi mgonjwa yeyote atangaze upasuaji wake kijijini. Lakini mtu mmoja mwenye kauli jikoni ni lazima ajue, na kwa wengine waliobaki inatosha kusema, “Daktari ameniagiza nile kidogo kidogo,” kisha kuomba kuku afungwe aende naye. Hakuna mama mkwe niliyemsikia akikasirika kwa sababu mgeni ameondoka na kuku.

Mwenyekiti ananionyesha karatasi ya dakika tano, kwa hiyo yaliyobaki nitayapitia mbio. Vidonge vya vitamini na madini, hasa B12, chuma, kalisiamu na vitamini D, ni vya maisha, wala haviishi pale uzito unapopungua. Chuma na kalisiamu vitenganishwe kwa saa mbili, na chuma kisimezwe kwa chai. Waliounganishwa utumbo waepuke dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni, kwani huleta vidonda pale palipounganishwa, na wajue kwamba pombe huwapanda haraka kuliko zamani. Mama mkwe wetu naye hakuwa amekosea sana, kwa sababu uzito ukishuka uwezo wa kushika mimba mara nyingi hurudi. Lakini inashauriwa kungoja miezi 12 hadi 18, basi ulizeni mapema kuhusu uzazi wa mpango.

Hili la mwisho sitalikimbiza. Asiyeweza kuzuia hata maji tumboni kwa siku nzima aende hospitali, wala asingoje kliniki ya mwezi ujao. Huenda njia imesinyaa kwa kovu, jambo ambalo mara nyingi hutibiwa kwa kupanuliwa kupitia kinywani bila kupasuliwa tena. Na anayetapika siku nyingi mfululizo huishiwa na thiamini, yaani vitamini B1, ambayo ukosefu wake huharibu neva na ubongo. Akianza kuona vitu viwiliviwili, kuyumba au kuchanganyikiwa, mwambieni daktari wa zamu waziwazi kwamba alifanyiwa upasuaji wa tumbo, hata kama ni miaka iliyopita, kwa sababu kovu dogo halijielezi lenyewe.

Mwenyekiti amesimama. Kabla hajachukua kipaza sauti, niseme kwamba chakula cha mchana kiko ukumbi wa nyuma, na nimewaomba wapishi waweke visahani vya chai na vijiko vidogo kando ya zile sahani kubwa. Atakayechukua kisahani asiulizwe kwa nini.